Nilipaka Tairi Mpaka Meno, Lawama Ikamwendea Mama Yake

Kosa ni langu. Naliweka hapo mbele kabla sijaanza kujitetea, kwa sababu najijua. Nikipewa nafasi nitajitetea mpaka wewe msomaji unionee huruma. Usinionee! Soma tu mpaka mwisho, halafu useme unavyotaka.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka arobaini na kitu, na nina kawoshi hapa Rhonda, Nakuru. Ukipita utaniona: gambuti nyeusi, leso kiunoni, mpira wa maji mkononi. Watu hufikiri kuosha gari ni kazi ya maji na sabuni tu. Wapi! Gari linaweza kung'aa mwili mzima, lakini tairi zikibaki za kijivu, mwenye gari ataondoka amenuna. Sifa yangu mtaani ilikuwa tairi. Watu walitoka Kaptembwo wakapita kawoshi tatu kuja kwangu.

Kazi hiyo nilifundishwa Gilgil, na mzee mmoja aliyekuwa akiosha malori kando ya barabara kuu. Mzee mkali huyo, asiyecheka, lakini alikuwa anajua kazi. Kwake tairi ilikuwa na uso. Ule ubavu unaouona ukisimama kando ya gari, aliuita mashavu. Na sehemu inayokanyaga barabara, ile yenye mifereji, ni meno, kama sisi sote tunavyoita. Kila mfanyakazi mpya alimwimbisha asubuhi: "Mashavu hupakwa, meno hayapakwi!" Ukisahau, anakunyang'anya sponji na siku hiyo unashinda ukifua vitambaa.

Alinifundisha pia kuchagua. Kuna polishi nyeupe kama maziwa, ya maji. Hiyo inaacha weusi wa heshima, haina makuu, na mvua ya kwanza ikinyesha inaenda nayo. Halafu kuna ile nzito ya mafuta, ya silikoni, ambayo inang'aa wiki nzima na mvua inaiogopa. Hii ya pili ina masharti. Osha tairi na brashi mpaka povu liache kutoka la kahawia. Acha ikauke kabisa. Tia polishi kwenye sponji, usiimwagie tairi. Paka nyembamba, ngoja, kisha futa yote inayobaki juu, kwa sababu ile isiyoingia ndani ya mpira haikai mahali pamoja.

Na pikipiki je? Nilimwuliza siku moja.

"Pikipiki wachana nayo," akasema. "Gari iko na miguu nne. Hiyo ingine ikipoteza mmoja, mtu ako chini."

Niliyajua hayo yote. Hapo ndipo panaponiua! Mtu asiyejua akikosea tunasema ni bahati mbaya, tunampa pole. Mimi nilijua.

Sasa kulikuwa na mwanabodaboda wa stejini hapo karibu yangu. Nitamwita Baba Wanja, ingawa si jina lake. Ndiye aliyekuwa akipeleka watoto wangu shule, na mvua ikiwakuta njiani alivua koti lake akawafunika, yeye akafika kwangu analowa huku anacheka. Mtu wa mzaha, mtu wa nguo safi. Mke wake alikuwa akimtania kwamba hiyo pikipiki inaogeshwa kuliko yeye.

Ilikuwa Jumamosi ya mwaka juzi, msimu wa mvua. Mwenzao mmoja wa stejini alikuwa anaoa, kwa hivyo wanabodaboda walipanga kumsindikiza kwa msafara kutoka Rhonda mpaka kanisani upande wa Njoro. Baba Wanja ndiye aliyechaguliwa kutangulia na bendera. Walinijia asubuhi pikipiki tisa, kelele tupu.

"Mathe, sasa! Leo ni leo," Baba Wanja akaniambia. "Nataka hii kitu ing'are mpaka waulize kama ni mpya."

"Iko ya maji na iko ya mafuta," nikamwambia. "Ya maji, mvua ikikuja imeenda."

"Weka ya mafuta. Na usipake kando peke yake. Paka mpaka meno. Tukifika huko naiweka stendi kubwa, tairi ya nyuma inakaa juu. Kamera inaona kila kitu."

Nilimsikia yule mzee wa Gilgil kichwani mwangu. Wallahi nilimsikia! Lakini pia niliwaza kamera. Niliwaza bwana harusi na wageni wake wakiuliza hizo tairi zimepakwa wapi. Sifa, msomaji. Sifa tu ndiyo iliyonipofusha, na wala si sifa kubwa.

Wale wanane wengine niliwapaka mashavu kwa mkono, haraka haraka, na ile ya maji. Baba Wanja nilimfanyia spesheli. Kuna njia ya mkato ambayo kila anayeosha pikipiki anaijua. Unaiweka kwenye stendi kubwa, unawasha injini, unatia gia ya kwanza, na tairi ya nyuma inazunguka yenyewe hewani. Wewe unashikilia sponji tu. Dakika moja, tairi nzima ni nyeusi, mashavu na meno. Watu hupenda kutazama, na siku hiyo walisimama wakatazama, nami nikajiona fundi.

Kabla sijamaliza, simu yake ikalia. Akaniashiria nizime injini. Simu yenyewe ilikuwa imeharibika sikioni, kwa hivyo sikuzote aliweka spika, na sisi sote tulisikia. Alikuwa mama yake, kutoka Elburgon, anakolima viazi.

"Wewe si ulisema unakuja leo?" mama akauliza. "Waru zinaozea shambani na mkono wangu haushiki jembe."

"Mum, nilikwambia niko na harusi. Nakuja Monday."

"Harusi ya nani? Ya mama yako?"

"Mum, pliz. Watu wanasikia."

"Wacha wasikie! Haya, enda na hiyo pikipiki yako. Iko siku itakulaza chini, ndio ujue mama ni nani."

Ikakatika. Wenzake wakapasuka kicheko.

"Weh! Bro, mathe amekuweka laana na hata hujakunywa chai!"

Baba Wanja naye alicheka, lakini nilimwona usoni. Alirusha simu mfukoni, akavaa helmeti, akaishusha pikipiki kutoka kwenye stendi kwa hasira. Mimi nilikuwa nimesimama na kitambaa mkononi. Nilitaka kumwambia: ngoja nifute. Maneno mawili! Lakini wenzake walikuwa wanapiga honi, bendera ilikuwa imeshapanda, nami nikajisemea moyoni, na maneno yenyewe nayakumbuka yalivyo: itakauka yenyewe njiani.

Haikukauka.

Hata robo saa haikupita. Manyunyu yalikuwa yameanza, ile mvua ya kulowesha lami bila kuiosha. Mmoja wao alirudi mbio, hana helmeti, akasimama mbele ya kawoshi akaniashiria nipande. Nilipanda nyuma yake nikiwa na gambuti zangu. Tulipofika kwenye kona moja ya njia ya Njoro, Baba Wanja alikuwa ameshabebwa kupelekwa hospitali. Pikapu iliyokuwa ikitoka upande wa pili ilikuwa imesimama vibaya, na dereva wake amekaa chini ameshika kichwa. Alisema hakuona mwendo wa kasi. Alisema pikipiki iliingia kona vizuri, ikalala kidogo kama kawaida, halafu tairi ya nyuma ikaondoka tu, kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi.

Pikipiki ilikuwa ukingoni mwa barabara, imelala ubavu, tairi ya nyuma imeelekea juu. Nikaiendea. Msomaji, hii tairi hunijia mpaka leo. Barabara iliyonyooka ilikuwa imefuta meno ya katikati peke yake. Yale ya pembeni, ambayo pikipiki hukanyagia ikilala kwenye kona, yalikuwa bado yanang'aa. Matone ya mvua yalikuwa yamesimama juu yake, hayashuki.

Nilifanya nini? Nilipiga magoti nikafungua leso yangu kiunoni, nikafuta. Nilifuta jino baada ya jino. Askari wa trafiki walikuwa bado hawajafika.

"Mathe, wacha, utachafuka," mmoja wa stejini akaniambia.

"Niache niipanguze," nikasema. "Asije akaikuta na matope."

Nilimsikia akimwambia mwenzake kwa sauti ya chini: "Ona huyu mama vile anampenda. Kama ndugu yake."

Ile leso niliichoma jioni hiyo hiyo jikoni kwangu. Ilitoa moshi mweusi, na harufu yake ni ile tamu tamu ya polishi, kama ya peremende. Watoto wakauliza ni nini kinanukia vizuri.

Mguu wa kulia wa Baba Wanja ulikatwa chini ya goti. Siku ya tatu nilienda kumwona na chupa ya uji. Mke wake alitoka nje kidogo kuongea na daktari, tukabaki wawili. Alikuwa amekauka midomo, macho yako kwenye dari.

"Mathe," akaniita. "Uliskia vile mama alisema? Ama niliota?"

Hapo Mungu alikuwa amenipa mlango. Mlango wazi kabisa! Nilikuwa na nafasi ya kusema: achana na mama yako, ni mimi, ni polishi. Badala yake nilimwambia:

"Nilisikia, Baba Wanja."

"Alisema itanilaza chini."

"Mdomo wa mzazi ni mzito," nikamwambia. "Wewe omba Mungu akusamehe."

Kwa kinywa hiki hiki! Polishi ilimkata mguu, hiyo naweza kuiita ajali. Lakini haya maneno hayakuwa ajali. Niliyachagua. Niliona lawama inatafuta pa kukaa, nikaivutia kiti kwa mama wa watu.

Sisi hapa tunaamini hayo mambo, hata tuliookoka. Mzazi akitamka akiwa na uchungu, neno linatembea. Baba Wanja aliamini kabisa. Alipotoka hospitali hakwenda Elburgon. Mama akipiga simu, aliiangalia ikilia mpaka inyamaze. Mke wake alimsihi, akakataa. Alisema anaogopa akienda watakosana tena, na safari hii mama atatamka juu ya watoto.

Mimi nikafanya nini? Nikampa kazi. Nilimwekea meza na kiti chini ya kile kibanda changu cha mabati, awe anapokea funguo za magari na kujaza polishi kutoka kwenye mtungi mkubwa kuingia kwenye chupa ndogo. Watu walinisifu sana! Kanisani nilisimamishwa mbele, mchungaji akasema huu ndio Ukristo wa vitendo, na watu wakapiga makofi. Baba Wanja alikuwa kiti cha pili, naye hakuweza kupiga makofi kwa sababu ameshika mikongojo, kwa hivyo aligongesha mmoja sakafuni. Kop, kop, kop. Nilitamani ardhi inimeze.

Hiyo sauti sasa. Asubuhi aliingia nayo, kop, kop, kwenye sementi ya kawoshi. Mchana akienda kujinyoosha, kop, kop. Niliisikia hata maji yakiwa yamefunguliwa yote. Jumapili akiwa kwake na mimi kwangu, niliisikia nikikata sukuma. Niliacha kupaka pikipiki polishi kabisa. Wakija, nawaambia imeisha, na mtungi uko pale wanauona. Baba Wanja alikuwa akicheka: "Mathe na pikipiki hazipatani siku hizi." Nami nikicheka. Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye. Wangu alikuwa ameshahamia kwangu, anakula na kulala.

Sasa nisikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo ninapoomba msamaha nisioustahili.

Siku moja alasiri, Baba Wanja akiwa ameenda kliniki, aliingia mama mmoja mzee amebeba kiondo. Mfupi, kitambaa kichwani, viatu vya plastiki vyenye udongo mwekundu. Sikumjua mpaka aliposema, kwa sababu sauti yake niliwahi kuisikia mara moja tu, kwenye spika. Kiti kilikuwa kimoja na nilikuwa nimekiwekea ndoo, kwa hivyo alijikalia juu ya mtungi wa polishi kabla sijamzuia.

"Wewe ndio uliandika mtoto wangu kazi?" akaniuliza.

"Ndiyo, shosho."

"Mungu akubariki. Sana." Akawa anavuta vuta kamba ya kiondo. "Hiyo siku nilipiga simu, wewe ulikuwa hapa?"

"Nilikuwa."

"Mimi nilikuwa na hasira ya waru tu. Mvua, na mkono unauma, na niko peke yangu. Mimi sikulaani mtoto wangu. Lakini mdomo ikitoka imetoka." Akaniangalia. Macho yake yalikuwa yale yale ya Baba Wanja. "Wewe ulikuwa hapa, uliona. Unafikiri ni mimi?"

Alikuwa amekalia jibu! Lilikuwa chini yake, limefungwa kifuniko. Mimi nilikuwa nimesimama na sponji mkononi, nikasema lile neno ambalo waoga wote hulisema wakitaka kuonekana wacha Mungu.

"Mungu ndiye anajua, shosho."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, mara nyingi, kama mtu aliyesomewa hukumu na akaona ni ya haki. Kisha akanimwagia viazi kutoka kwenye kiondo, akaniambia nimpelekee, lakini nisiseme vimetoka kwa nani. Akaenda zake kutafuta gari la kumrudisha Elburgon kabla ya mvua.

Nilimgawia Baba Wanja viazi hivyo. Kesho yake alikuja anasifu.

"Mathe, zile waru ulitoa wapi? Zinavunjika kama za kwetu."

Nilimwambia nilinunua sokoni.

Mwaka huu, mwezi wa baridi, mama yake alifariki. Alianza na homa ya kifua, siku nne tu. Habari ilimkuta Baba Wanja pale mezani kwangu, na ile simu mbovu ikatangaza kwa spika, sote tukasikia tena. Hakulia papo hapo. Alifunika chupa aliyokuwa anajaza, akaikaza, akaiweka kwenye mstari na nyingine. Halafu akasema, "Ameenda na hasira yangu." Hapo ndipo alipolia.

Siku ya mazishi gari la kuwapeleka Elburgon lilikuwa linawachukulia kwangu, kwa sababu pana nafasi ya kugeuza. Baba Wanja alifika mapema kuliko wote. Suti nyeusi, suruali imekunjwa na kubanwa pini upande wa kulia, kiatu kimoja kimepigwa rangi vizuri. Mimi nilikuwa natafuta leso ya kuvaa. Nilipogeuka, alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mkongojo mmoja ameulaza juu ya paja, na mkononi ana sponji iliyolowa polishi.

"Unafanya nini?"

"Hizi mpira za chini zimekuwa grey," akasema. "Nazipaka. Mama alikuwa anapenda mtu smati. Wacha hata tairi zangu zing'are leo."

"Usipake!" Nilipiga kelele mpaka mtu aliyekuwa anapita barabarani akasimama. "Usipake hapo, utateleza uanguke!"

Alicheka kidogo. "Mathe, zii. Tumepaka tairi za watu two years, sijaskia imeangusha mtu."

"Hizo ni mashavu! Hayo ni meno, meno haya..."

Nikanyamaza. Nilikuwa nimechelewa kunyamaza kama nilivyochelewa kila kitu.

Aliugeuza mkongojo akauangalia mpira wake chini, vile vimifereji vidogo vya duara. Akaiangalia sponji. Akauangalia mtungi. Ukiwa umewahi kumwona mtu akikumbuka kitu kimoja kimoja, akikipanga, utajua nilichokiona. Hakuwa na haraka.

"Meno," akasema. "Ile siku nilikuambia upake mpaka meno."

Akaiweka sponji mezani.

"Ndio maana pikipiki hupaki."

Akaniinulia macho.

"Na ulikuwa unajua? Kabla nikuambie, ulikuwa unajua inateleza?"

"Nilijua," nikasema. Neno la kwanza la kweli kwa miaka miwili, na lilitoka kama mtu anayekohoa.

Nilingoja anipige na ule mkongojo. Nilitamani anipige, wallahi! Lakini hakuwa ananiangalia mimi tena. Alikuwa anaangalia njia ya kuelekea Elburgon.

"Kwa hivyo haikuwa mama," akasema.

Gari lilifika, likapiga honi. Akatoa leso mfukoni, ile nyeupe aliyoiweka ya kulilia, akafuta mpira wa mkongojo. Alifuta kila mfereji, akangoja, akafuta tena, akaujaribu kwenye sementi kwanza mpaka akaridhika haitelezi. Alifanya kila kitu ambacho mimi sikukifanya. Halafu akasimama.

"Usikuje," akaniambia. Basi. Hakutukana, hakulaani. Kop, kop, mpaka garini.

Sikwenda. Mke wake ndiye aliyenisimulia baadaye, kabla mumewe hajamweleza na yeye pia akaacha kunisalimia. Alisema walipofika kwenye kaburi, wakati wa kutupa udongo, Baba Wanja alikataa kushikwa mkono. Alijiinamisha na mikongojo yake mpaka watu wakaogopa ataingia ndani, akasema kwa sauti, mara tatu: "Si wewe, mama. Ilikuwa tairi. Si wewe." Watu wakaangaliana. Walifikiri ni uchungu umempanda kichwani. Shangazi mmoja akamvuta, akamwambia nyamaza mwanangu, anakusikia.

Anamsikia? Mimi sijui. Nataka sana iwe hivyo.

Hajarudi kazini. Kiti chake kipo, meza ipo, chupa zimepangwa kwa mstari zilivyokuwa. Kila asubuhi nikifungua nasikia kop, kop, natazama mlangoni, hakuna mtu. Mtungi niliumwaga, lakini plastiki yake bado inanukia peremende. Hakuna anayeukalia. Mteja akitaka kuukalia, namkimbilia na kiti. Watu wananishangaa.

Nimeenda kwa mchungaji nikamweleza yote, akataka kunifariji. Nikamwambia asifanye hivyo, anisimamishe mbele kama aliponisimamisha kwa makofi, niseme mwenyewe. Amesema atafikiria. Kabla hajamaliza kufikiria, nimeandika hapa.

Wewe unayepaka tairi, uwe wa kawoshi au wa nyumbani kwako Jumapili: chagua polishi unayotaka, ya maji au ya mafuta, lakini paka mashavu. Ngoja. Futa. Na pikipiki iache ilivyo, hata mwenyewe akikubembeleza, hata iwe ni harusi. Weusi wa tairi hauna faida yoyote kwa mtu aliye chini.

Na wewe ambaye umekosea mahali na umemwona mwingine akibeba lawama yako, usingoje. Usimsingizie Mungu kwamba ndiye anayejua, ilhali na wewe unajua! Mimi nilidhani kuna wakati. Yule mama alifunga safari kutoka Elburgon na mkono unaouma, akakaa mbele yangu, akaniuliza swali moja tu. Nilikuwa na jibu, naye alikuwa na masikio.